Barua kwa mwanangu: kabla hujachukua fomu

Muheza, Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, ya pili nikamsomea baba yako kwa sauti. Akacheka, akasema, "Ugonjwa wa ukoo huo." Umeniambia wenzako mliozaliwa kata hii mnaoishi Dar wanakusukuma uchukue fomu ya udiwani kwa uchaguzi wa Oktoba, wanadai kura unazo mkononi kwa sababu kila mtu huku anakujua. Kisha ukaniuliza mimi niliyekuwa diwani: uende au usiende? Nimekaa na swali lako siku nne. Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu huwa unanikatiza.

Nianze na hilo la kujulikana.

Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa diwani hapa mpaka 1972, serikali ilipozifuta halmashauri za wilaya. Muda mfupi kabla ya hapo walipitisha njia ya kwenda kijiji cha juu ipanuliwe, lori liweze kupanda. Njia ikakata shamba la familia moja, ikaondoka na minazi kumi na mmoja. Fidia iliahidiwa. Halmashauri zikafa, na fidia ikafa nazo. Halmashauri zilirudi 1984, fidia haikurudi.

Mwaka 2010, baada ya miaka yangu mitano ya udiwani wa viti maalum vya wanawake, niliamua niombe kata yenyewe, maana nilichoka kuitwa diwani wa kupewa. Katika kuzunguka kuomba kura za maoni ndani ya chama nikaingia ua wa familia ile. Bibi mmoja alikuwa anapepeta mchele, na nilipobisha hodi hakuuweka ungo chini. Akaniuliza, "We si wa yule mzee wa barabara?" Nikamwambia ndiye baba yangu. Akasema, "Minazi kumi na mmoja," akaendelea kupepeta. Nilishindwa kwa kura tisa. Ua ule una wanachama zaidi ya tisa.

Kwa hiyo ni kweli, wanakujua. Wanajua wewe ni mjukuu wa nani, wanajua mama yako alishindwa, wanamkumbuka mtoto aliyevunja dirisha la msikiti kwa chandimu. Unavyofanya kazi hawajui, hawajawahi kuona. Unakuja Idi na misiba. Na sheria yenyewe inataka mgombea udiwani awe mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri. Mtu akikuwekea pingamizi utamwonyesha nini, tiketi za basi? Hayo mengine hayana shida: umri unaotakiwa ni miaka 21, na kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.

Umeandika pia kwamba hutaki mambo ya chama, unataka kuwatumikia watu tu. Nimekuelewa, lakini njia hiyo haipo. Kwetu hakuna mgombea binafsi, kuanzia diwani mpaka rais. Mchungaji Mtikila aliipigania kesi hiyo miaka na miaka mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, na 2013 majaji wakampa haki. Amekufa 2015, na mpaka leo ninapokuandikia lazima chama kikudhamini. Chagua chama unachoweza kukaa nacho kikao cha saa sita, wala usinitajie ni kipi.

Sasa kazi yenyewe. Watu watakuita Mheshimiwa, watoto watakubebea mkoba, utadhani una kitu. Diwani hana fungu. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, mtendaji wa kata ni mwajiriwa wa halmashauri, hawezi kufukuzwa na wewe hata akilala ofisini. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata unakaa kiti cha mwenyekiti, na mtendaji ndiye katibu mwenye mafaili. Ulicho nacho ni makabrasha ya Baraza la Madiwani kila robo mwaka, na mdomo wa kuyaulizia. Na huo mdomo, mwanangu, mimi niliwahi kuuza. Sijakusimulia.

Ilikuwa 2008, wewe uko darasa la sita. Makabrasha yaliletwa jioni ya kuamkia kikao, kitabu kizito kama tofali, umeme umekatika, ukanishikia taa ya chemli mpaka ukaanza kusinzia. Kwenye jedwali la miradi nikakuta nyumba ya mganga wa zahanati, kata ya jirani: "Imekamilika, asilimia 100." Siku mbili kabla nilipita pale kwenda msibani. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, na ndani walilala mbuzi. Nikachukua kalamu yako nyekundu ya shule, nikapiga mstari.

Asubuhi, jedwali lilipofikiwa, nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akaniona, akanipa nafasi. Safu ya mbele alikaa mama mmoja ambaye ndiye aliyelipigania jina langu lipande kwenye orodha ya viti maalum. Akageuka, akanitazama. Wala hakunikazia macho, alinitazama tu. Mkandarasi wa ile nyumba alikuwa shemeji yake. Nikawasha kipaza sauti nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nilitaka kuwapongeza wataalamu kwa taarifa nzuri." Watu wakagonga meza.

Nyumba ile ilikuja kuezekwa miaka minne baadaye. Muda wote huo mganga alikuwa anakaa mjini, anafika na basi la saa nne asubuhi, anaondoka na la saa tisa alasiri. Mjamzito akishikwa usiku, ni pikipiki.

Ndiyo maana nilipofika kwenye ujumbe wako mahali panaposema wenzako "watachanga kila kitu, gari la matangazo, fulana, mafuta," nilivua miwani. Nani anachanga? Kwa majina, mmoja mmoja. Kati yao yupo mwenye lori la kokoto? Yupo anayelitaka geti la ushuru wa machungwa? Mimi nilikuwa na deni la mtu mmoja tu, na hilo lilitosha kunikalisha. Wewe utaanza na kikundi kizima cha watu wema.

Kuhusu ushuru, jua hili ili usije ukaahidi ovyo jukwaani. Enzi zangu halmashauri ilitoza mpaka asilimia 5 ya thamani ya mazao. Tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mkulima kapata ahueni, na mimi mwenye michungwa sitalalamika, ila kapu la halmashauri limepungua na kina mama bado wanadai maji. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ndiyo itakayokujazia ua alfajiri. Kila kikundi kitakuja na katiba yake kwenye bahasha, na wewe si unayetoa mkopo. Watakaokosa watasema umewanyima.

Jibu langu: kwa uchaguzi wa Oktoba hii usichukue fomu. Waambie wenzako mama kakataa, nisingizie mimi. Njoo Juni ukae hata wiki tatu, uingie mkutano mkuu wa kijiji, ukae nyuma kwenye mikeka na kina mama, usiseme neno. Sikiliza tu wakati mapato na matumizi yanasomwa: nani anauliza, nani anainama, nani anatoka nje kupokea simu. Kama ukirudi Dar bado unaitaka kazi hii, anza kuhamia. Uchaguzi wa 2030 nitakuwa na miaka 71, goti moja baya, lakini ule mlima nitaupanda kukuombea kura.

Bibi wa ungo alishafariki. Mjukuu wake anakaanga chapati pale stendi, mlisoma darasa moja. Ukishuka basi pitia kwake, unywe chai. Habari ya barabara usiitaje mpaka aitaje yeye.

Na dawa ya presha ya baba yako, ile ya boksi la bluu, njoo nazo za miezi miwili. Hapa zimekwisha tangu Jumatatu.

Mama yako