Tarehe Gani, Ng'ambo Ipi ya Mto: Kwa Anayeanza Kusoma Upinzani wa Wapolandi

Mdogo wangu unayeanza kusoma habari za upinzani wa Wapolandi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huenda umeingia kwa mlango nilioingilia mimi, yaani makaburi ya Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Nilifika pale nikiwa kidato cha tano. Niliona misalaba, majina nisiyoweza kuyatamka, na miaka ya arobaini imeandikwa juu ya saruji. Tukaelezwa kwamba kambi ile ilianza mwaka 1942, ikachukua Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto, na kwamba walitokea Siberia na Asia ya Kati kwa kupitia Uajemi. Nikarudi nyumbani na swali moja. Kama aliyeivamia Poland ni Hitler, watu hawa walifikaje Siberia?

Swali hilo lishike, kwa sababu ndani yake mna habari yote. Tarehe 23 Agosti 1939 Ujerumani na Muungano wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kutoshambuliana, ukiwa na nyongeza ya siri iliyoigawa Ulaya ya Mashariki. Wajerumani waliingia Poland tarehe 1 Septemba kutoka magharibi. Tarehe 17 mwezi huohuo Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940, familia nzima nzima za upande wa mashariki zilitolewa vitandani usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa mbali kaskazini na Siberia. Wazee wetu wa Tengeru, na wa Masindi na Koja kule Uganda, waliwapokea mabaki ya familia hizo.

Kwetu kuna methali ambayo kila mwanafunzi huikimbilia hapa, ile ya tembo wawili wakipigana nyasi zikaumia. Hata mimi niliianzia tasnifu yangu kwa methali hiyo, na leo nakusihi uiache. Mwaka 1939 tembo hao hawakupigana, walikuwa wamekubaliana. Halafu ukishawaita Wapolandi nyasi umeyafuta yale uliyokuja kuyasoma. Nyasi haziundi serikali ya siri yenye mahakama, shule, magazeti na jeshi. AK, kwa kirefu Armia Krajowa, maana yake Jeshi la Nyumbani, lilipofika kilele chake mwaka 1944 lilikuwa na watu zaidi ya 350,000 walioapa, wote wakiitii serikali yao iliyokuwa uhamishoni London.

Sasa nikueleze kosa lililonifundisha zaidi ya vitabu. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika kwamba Julai 1944 wapiganaji wa AK na Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Wasovieti, waliukomboa pamoja mji wa Wilno, nikaweka nukta na kuendelea na sura nyingine. Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa penseli maneno mawili tu: "Na baadaye?" Nilichukia kwa siku nzima. Kisha nikaenda kutazama. Mji ulianguka tarehe 13 Julai. Tarehe 17, siku nne baadaye, kamanda wa Wapolandi, Aleksander Krzyżanowski, aliyejulikana kwa jina la siri la Wilk, aliitwa na makamanda wa Kisovieti kwenye mazungumzo akakamatwa hukohuko. Maafisa wake nao walikamatwa, na askari wake kwa maelfu wakanyang'anywa silaha na kufungiwa Miedniki, karibu na Wilno. Ile nukta yangu niliiweka siku nne mapema mno.

Tangu hapo nina mazoea ambayo nakuomba uyachukue. Kabla sijaandika sentensi yoyote kuhusu kilichofanywa na wapiganaji hawa, najiuliza ilikuwa tarehe gani, na walikuwa ng'ambo ipi ya mto. Mto wenyewe hubadilika, mara Bug, mara Vistula, lakini swali ni lilelile.

Chukua mtu mmoja umfuate nalo. Kanali Leopold Okulicki alitumwa Lwów, upande wa Wasovieti, kuongoza mtandao wa siri, na Januari 1941 NKVD, polisi wa siri wa Kisovieti, wakamkamata na kumfungia Moscow. Wakati huo Stalin na Hitler bado ni washirika. Juni 1941 Hitler anamgeuka mwenzake, na tarehe 30 Julai serikali ya London inatia saini makubaliano na Wasovieti. Okulicki anatolewa gerezani, kwa sababu sasa anahesabiwa kuwa mshirika. Mwaka 1944 anarushwa Poland kwa parachuti, baadaye anakuwa kamanda wa mwisho wa AK, na tarehe 19 Januari 1945 anatoa amri ya kulivunja jeshi hilo. Machi 1945 yeye na viongozi wenzake wanaalikwa na Wasovieti kwenye mazungumzo huko Pruszków. Wanakwenda, wanakamatwa, wanapelekwa Moscow kwa ndege, na Juni wanashitakiwa watu kumi na sita kwa pamoja. Alifungwa miaka kumi, akafa gerezani Desemba 1946. Katika miaka sita mtu huyo alikuwa adui, kisha mshirika, kisha adui tena wa dola ileile, na kiapo chake hakikubadilika.

Wanafunzi huniuliza kwa nini alikwenda Pruszków wakati ya Wilno aliyajua. Ni swali zuri, na jibu lake linahitaji uiangalie hali kama alivyoiona yeye mwezi ule. Alikuwa mtumishi wa serikali ambayo bado ilitambuliwa na Uingereza na Marekani. Mkutano wa Yalta, Februari, ulikuwa umeamua kwamba iundwe serikali mpya ya Poland yenye umoja. Kubaki mafichoni kungewapa Wasovieti lile walilolitaka, yaani waseme hawa ni majambazi wa msituni, hawana uhalali wowote. Kujitokeza kulikuwa hatari, na kujificha nako kulikuwa kushindwa.

Mtanziko huo ndio uliokuwa moyo wa mpango walioupa jina la Burza, maana yake tufani, ulioanza mapema mwaka 1944. Hapa tumia muda wako mwingi, maana pana utajiri na wengi hupapita mbio. Vikosi vya siri viliagizwa kuwashambulia Wajerumani wanaorudi nyuma, kisha vijitokeze mbele ya Jeshi Jekundu vikiwa wenyeji wa nchi, na kamanda na mwakilishi wa serikali wawapokee wageni kwa majina na vyeo vyao. Fikiria maana yake. Mtu amejificha miaka minne, jirani hajui jina lake la kweli, mke wake hajui anakolala. Sasa anaamriwa asimame barabarani ajitaje mbele ya jeshi linaloambatana na NKVD. Volhynia, jimbo la mashariki, walijitokeza. Wilno walijitokeza. Lwów walipigana kuanzia tarehe 23 Julai, bendera zikapandishwa, na siku chache baadaye kamanda wao, Władysław Filipkowski, naye akakamatwa. Ukisoma taarifa za redio zilizotumwa London majira hayo, unasikia watu waliokuwa wakielewa kinachotokea na wakaendelea kutii.

Ndipo inapokuja Warsaw. Maasi yalianza saa kumi na moja jioni, tarehe 1 Agosti 1944, mizinga ya Kisovieti ikisikika upande wa pili wa Vistula. Yalidumu siku 63. Katikati ya Septemba Jeshi Jekundu lilikuwa tayari limeishika Praga, kitongoji cha ng'ambo ya pili, na kwa wiki nyingi Stalin alizikatalia ndege za washirika kutua kwenye viwanja vyake. Wapo askari wa Kipolandi waliokuwa chini ya Wasovieti waliovuka mto kuja kusaidia, wakauawa kwa wingi. Watajwe nao, kwa sababu waliovaa sare ile hawakuwa wote vibaraka.

Utaulizwa kama maasi yale yalikuwa kosa. Wapolandi wenyewe wanabishana mpaka leo, ndugu na ndugu, mezani. Nitakwambia ninavyoona mimi. Viongozi walikuwa na sababu ya kutaka Wasovieti waukute mji mikononi mwa wenyewe, hasa baada ya Wasovieti kusimika kamati yao ya utawala Lublin mwezi Julai. Lakini waliagiza mapigano wakiwa na silaha chache mno na bila uhakika wowote wa nini kitafanyika ng'ambo ya mto. Kwa saa ile waliyochagua naona walikosea, na siwezi kuwaita wapumbavu. Hata hivyo, kabla hujaandika habari za mikakati, andika kwanza habari za Wola. Katika mtaa huo, siku za mwanzo za Agosti, vikosi vya Wajerumani viliua raia makumi ya maelfu, wakitolewa majumbani na kupigwa risasi kwa makundi. Waliokufa katika maasi yote ni wapiganaji kama 16,000, na raia kati ya 150,000 na 200,000. Mwanafunzi anayezigusa namba hizo mwishoni mwa sura namrudishia karatasi yake aanze upya.

Kuhusu majina nitakuwa mfupi, ingawa yamenitesa. Miji ina majina mawili matatu: Lwów leo ni Lviv ya Ukraine, Wilno ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Watu nao wana jina la kuzaliwa, jina la siri, na jina la kwenye kitambulisho bandia. Tengeneza daftari la majina siku ya kwanza. Jenerali August Emil Fieldorf atakuonyesha kwa nini. Jina lake la siri lilikuwa Nil, yaani mto Naili wetu huu, kwa kuwa mwaka 1940 alirudi Poland kutoka Uingereza kwa njia ndefu iliyopita Afrika. Aliongoza kikosi cha hujuma cha AK, kile kilichomuua Franz Kutschera, mkuu wa SS (jeshi la chama cha Hitler) na polisi wa Warsaw, tarehe 1 Februari 1944. Machi 1945 NKVD walimkamata akiwa na jina la bandia na kumpeleka kambi ya kazi huko Urali, wasijue wamemshika nani. Alirudi mwaka 1947. Akatambuliwa baadaye, akakamatwa tena mwaka 1950, akashitakiwa kwa uongo kwamba aliwaua wapiganaji wa Kisovieti, na tarehe 24 Februari 1953 akanyongwa Warsaw na serikali ya nchi aliyoipigania.

Kesi yake ikufundishe kuzisoma nyaraka. Sehemu kubwa ya karatasi zinazohusu watu hawa zilitoka katika vyumba vya mahojiano, na baadhi ya mashahidi waliomshuhudia vibaya Fieldorf walikiri baadaye kwamba waliteswa. Ukisoma "alikiri", uliza alikuwa amekaa macho siku ngapi. Mwaka 1945 serikali mpya ilibandika mabango yaliyowaita AK kibeti mchafu wa mate wa wapinga maendeleo. Tangu 1989 upepo umegeuka, na sasa utakutana na maandishi yanayomfanya kila aliyekaa msituni kuwa mtakatifu. Hayo nayo usiyameze. Witold Pilecki, aliyejiachia akamatwe mwaka 1940 ili aingie Auschwitz, kambi ya mateso ya Wajerumani, na kutoa habari zake nje, akapigwa risasi na Wakomunisti mwaka 1948, ni mtu ninayemheshimu kwa moyo wote. Lakini Romuald Rajs, aliyejiita Bury, aliongoza kikosi kilichochoma vijiji vya Wabelarusi mapema mwaka 1946 na kuua wanakijiji. Lilikuwapo baraza la siri, Żegota, lililoundwa Desemba 1942 kuwasaidia Wayahudi, na walikuwapo wapiganaji wa msituni waliowaua Wayahudi waliojificha. Volhynia mwaka 1943 wapiganaji wa Kiukraine wa UPA waliua Wapolandi makumi ya maelfu, na mwaka uliofuata kijiji cha Sahryń kilishuhudia Wapolandi wakiwaua Waukraine. Habari hizi ziache zikae katika ukurasa mmoja hata kama zinakuumiza. Mimi zinaniumiza.

Neno "ukombozi" nalo litumie kwa uangalifu mkubwa. Kwa mfungwa wa Auschwitz, Januari 1945, Jeshi Jekundu lilileta uhai, na hakuna mwenye haki ya kumpokonya neno hilo. Kwa askari wa Miedniki neno hilohilo lilikuwa mlango wa gereza. Mimi siku hizi naandika nani aliondoka na nani aliingia, na tarehe.

Ukipata nafasi rudi Tengeru, na safari hii nenda na kalenda yako. Vita vilipokwisha Ulaya, mwezi Mei 1945, watu wa kambi ile wangetarajiwa kufunga mizigo. Lakini mpaka ulikuwa umesogezwa, na wengi walitoka mashariki, kwenye mashamba ambayo sasa yalikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, yaani mikononi mwa walewale waliowatoa vitandani mwaka 1940. Kambi iliendelea kwa miaka kadhaa tena. Wengi waliishia Uingereza, Kanada na Australia. Pita kwenye makaburi taratibu, utafute yale yenye mwaka wa baada ya 1945, uyahesabu.