Pesa za depo zimepungua, na mimi ndiye niliyezishika

SWALI: Maître (wakili), naweka hesabu kwenye depo ya vinywaji huku Lubumbashi. Mwisho wa mwezi zimekosekana dola 1,400. Patroni anasema nimeziiba. Nisipotia sahihi karatasi ya kukiri deni, atanipeleka parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Lakini ufunguo wa sanduku la pesa anao pia mpwa wake. Nifanye nini? – Mama K., Katuba

JIBU: Mama K., usitie sahihi. Karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza mbele ya hakimu.

Pesa ulikabidhiwa, hukuzinyakua, kwa hiyo huenda ukashtakiwa kwa kuvunja uaminifu, kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5 na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Ila lazima ithibitike kwamba ulifanya kwa hila. Upungufu wa hesabu peke yake hautoshi. Mapatroni wengi hawapendi kusikia hilo!

Leo hii piga picha daftari la mauzo, bodero (karatasi za kuweka pesa) za benki na risiti za kreti zilizotoka kwa mkopo. Andika siku ambazo mpwa alifungua sanduku, na nani alikuwepo. Mara nyingi pengo hujificha kwenye kreti za mkopo.

Ukiitwa polisi, nenda na avoka, yaani wakili. Kifungu cha 19 cha Katiba kinakupa haki hiyo tangu mahojiano ya kwanza. Wakikushika, wasipitishe saa 48 kabla ya kukufikisha mbele ya mamlaka ya sheria. Maelezo yako yakiandikwa, omba usomewe yote. Neno "nitalipa" likiwemo na hukulisema, lifutwe kwanza kabla hujatia sahihi.