Maswali Yenu: Fedha za Mikoko na Ukuta wa Bahari

Kwa nini serikali isijenge ukuta pwani yote, badala ya kumwaga fedha matopeni kupanda mikoko? (Msomaji, Mkomani)

Ndugu yangu, swali hili linarudi kila kusi inapovuma, na jibu langu halijabadilika. Ukuta una mahali pake mbele ya mji, lakini wimbi linaloupiga hurudi na mchanga wa chini yake, na matengenezo yake hayana mwisho. Mikoko huvunja nguvu ya wimbi, hunasa matope na kuinua ardhi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, nasi tunazungumza kana kwamba hatuna ngao.

Kikundi chetu kilipanda miche, karibu yote ikafa. Tuombe fedha tena? (Bibi wa Ndau)

Kwanza, bibi, niambie mlipanda nini na wapi. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hukaa mbele kuelekea bahari, mkoko wenyewe nyuma yake, na mkandaa juu zaidi. Hivi karibuni nilikwenda kwenye shamba moja la miche wakati maji yametoka, nikavuta mche wa mkoko uliopandwa mahali pa mlilana, ukatoka mzima mkononi, umefunikwa mwani, bila mzizi mmoja ulioshika. Safu nzima ilikuwa hivyo, na fedha zilikuwa zimelipwa zote siku ya kupanda, wageni wakiwa bado wanapigwa picha. Nitalisema hili hadi lisikike: fedha za umma zitolewe kwa awamu, na sehemu kubwa ingoje miche ihesabiwe baada ya miaka miwili au mitatu. Palipozibwa mkondo, fungueni mkondo kwanza. Penye miti mama karibu, maji yataleta mbegu yenyewe.

Naweza kukata mapau ya mikoko ya kuezekea nyumba yangu?

Kwa kibali cha Huduma ya Misitu tu. Misitu hii ni hifadhi ya serikali tangu 1932.

Tutajuaje fedha zimefika kaunti? (Kijana wa Faza)

Andikeni barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 za kujibu, na Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, kwa hiyo msingoje bajeti ipitishwe ndipo mlalamike vibarazani. Msiulize miche mingapi ilipandwa. Ulizeni ni ya aina gani, iko wapi, na mingapi iko hai leo.