Kimondo cha jioni: je, kiliangukia ziwani?

SWALI: Saa moja na dakika kumi jioni nilikuwa Himbi nikitazama ziwani. Mpira wa mwanga wa kijani ulipita kutoka kushoto kwenda kulia, ukapasuka vipande viwili, ukazimika juu kidogo ya maji. Yote yalichukua kama sekunde nne. Je, uliangukia Kivu? Jirani ameokota jiwe jeusi lenye matundu, anasema ndilo hilo. — Msomaji, Goma

JIBU: Ulichoona ni kimondo kikubwa, kile kinachong'aa kuliko Zuhura. Mabaki ya setilaiti huenda polepole zaidi, na mara nyingi huonekana nusu dakika au hata zaidi.

Ziwani hakikuanguka. Vimondo vya namna hii kwa kawaida huzimika vikiwa bado makumi ya kilomita juu, na gizani jicho halina cha kupimia umbali. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Kikizimika ngumi moja juu ya upeo, kikiwa kwenye kimo cha kilomita 40, basi kilikuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka kwako, huko upande wa Uvira!

Jiwe la jirani ni la volkano. Matundu yale ni mapovu ya gesi, na jiwe la kimondo ni nadra sana kuwa nayo. Lenyewe lina ganda jembamba jeusi, tena ni zito kuliko mawe mengi ya ukubwa wake. Wengi hushauri sumaku, lakini kwa Goma kipimo hicho kinadanganya, maana lava ya Nyiragongo nayo ina madini ya chuma.

Chenye thamani kubwa ni kumbukumbu yako, na inafifia haraka. Rudi leo pale pale uliposimama. Kwa dira ya simu, pima upande mwanga ulipoanzia na ulipozimikia, ukikaa mbali na geti na mabati, kwani chuma hupotosha dira. Kimo kipime kwa ngumi. Kisha jaza fomu ya bure mtandaoni ya International Meteor Organization, shirika la kimataifa linalokusanya taarifa za vimondo. Ipo kwa Kifaransa. Saa andika 19:10, si 1:10. Kosa hilo huharibu taarifa nzima. Aliyeko Bukavu akijaza pia, njia ya kimondo inaweza kukokotolewa.

Siku nyingine, mwanga ukizimika, anza kuhesabu sekunde ukisikiliza kama mshindo utafika. Sauti husafiri karibu kilomita 20 kwa dakika, hivyo subiri dakika tano, mbali na madirisha. Kule Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, kimondo kilipolipuka angani, wengi walikimbilia dirishani kutazama, na mshindo ulipofika vioo vikawakata.