Usiache ngano kabla ya kipimo

Busia, Jumapili jioni

Mwanangu Amina,

Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeacha ngano wiki tatu, kuhara kumekoma, na sasa daktari wako huko Kampala anataka uirudie ndipo akupime ugonjwa wa siliaki. Unauliza: kwa nini nile kinachoniumiza?

Kwa sababu kipimo hakitafuti gluteni, ile protini inayofanya unga wa chapati uvutike unapoukanda. Kinatafuta alama za ugomvi wa mwili wako nayo. Mwenye siliaki akila ngano, shayiri au rai (nafaka ya jamii ya ngano), kinga yake huushambulia utumbo wake mwenyewe. Vile vinyweleo vya kufyonza chakula husinyaa, na mtu hula asishibe mwilini. Kwenye damu hutafutwa kingamwili za ugomvi huo, tTG-IgA. Ukiacha ngano, kingamwili hupungua, na karatasi yaweza kusema huna kitu ilhali unaumwa. Ndiyo maana huambiwa mtu ale ngano kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6 angalau. Ni nyingi, najua. Ukizidiwa usivumilie kimya, mrudie daktari. Mwombe apime pia jumla ya IgA, aina hiyo ya kingamwili, maana wapo ambao mwili hauitengenezi ya kutosha, na kwao kipimo hudanganya. Baadaye huenda ukameza mpira wenye kamera, vichukuliwe vipande vidogo vya utumbo.

Miaka yangu ya uuguzi haikunisaidia kuona hili mapema. Ulimeza dawa za taifodi mara tatu kwa kubahatisha, nami nikaitikia tu. Bado linaniuma. Safari hii tupate uhakika, kwa sababu jibu likiwa ndiyo ni la maisha: hakuna kidonge, ni kuacha gluteni kabisa, hata kipande cha keki ya harusi.

Chakula usikililie. Matoke, kalo (ugali wa wimbi), posho (ugali wa mahindi), mihogo, viazi, mchuzi wa karanga, vyote kwa asili havina gluteni. Rolex, ile chapati ya mayai, na mandazi utaviaga, na bia ya shayiri. Cha kuogopa ni kile kisichoonekana: mihogo iliyokaangwa kwenye mafuta ya mandazi, unga wa uji uliochanganywa tayari, mashine ya kusaga inayopitisha na ngano. Nunua wimbi lako, ulichambue, utafute mashine isiyosaga ngano. Ukialikwa, mwambie mwenyeji mapema. Wa kwetu hawaudhiki mgeni akisema ukweli wa tumbo lake.

Lakini hayo ni ya baada ya jibu. Kwa sasa kula chapati.

Na likiwa ndiyo, sisi wa damu yako tutapima pia. Kati ya wazazi, ndugu na watoto wa mwenye siliaki, takriban mmoja katika 10 huwa nayo. Namfikiria dada yako. Mwaka mzima anameza vidonge vya kuongeza damu, na damu haipandi.

Mama yako