Rimoti ya roboti kwenye laptopu: vitufe baadaye, kwanza gari lijue kusimama lenyewe

Ndugu yangu, nimesoma swali lako. Una gari la roboti lenye Arduino Uno (bodi ndogo inayoliongoza), HC-05 (moduli ya Bluetooth) na L298N (bodi inayozipa mota umeme), umeandika dirisha la Python lenye vitufe vinne, ukishika Mbele linaenda vizuri lakini ukiachia linaendelea, na wakati mwingine amri inafika imechelewa mpaka unadhani Bluetooth imekufa. Usikimbilie kununua moduli nyingine, yangu ilifanya vilevile hapa Arua, Uganda, na moduli haikuwa na kosa lolote.

Siku ile nilikuwa naendesha barazani kwa shangazi, nikaachia kitufe, gari halina habari, likafika mwisho wa baraza likatumbukia mtaroni kwenye maji ya mvua ya jana yake. HC-05 haikuwaka tena. Lakini kilichonitia hofu si moduli, ni mtoto wa jirani alikuwa amekaa kwenye ngazi pale na gari lilimpita kama shibiri moja hivi. Lilikuwa dogo, sawa, lakini lingekuwa la kilo ishirini je?

Kwa vile unavyoeleza naona mambo mawili yamechanganyika. La kwanza ni kitufe chenyewe. Kwenye Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha) ukikipa kitufe kazi kwa command, kazi inafanyika pale unapoachia mausi, siyo unaposhika, kwa hiyo hakuna namna ya kusema "nimeachia, simama". Unatakiwa ufunge matukio mawili kwa bind, la kushika na la kuachia, `<ButtonPress-1>` na `<ButtonRelease-1>`. Na usiweke time.sleep (amri ya kusubiri) humo ndani maana dirisha zima linaganda.

La pili ndilo lililonitesa wiki nzima. Nilikuwa natuma herufi "M" ya Mbele mara kumi kwa sekunde wakati kitufe kimeshikwa, halafu kule kwenye Uno nilikuwa na delay(500), yaani kusubiri nusu sekunde, baada ya kila amri. Sasa piga hesabu: zinaingia kumi, zinasomwa mbili, zinazobaki zinapanga foleni. Uno ina nafasi ya baiti 64 za kusubiri kwenye siriali (njia inayopokea herufi), na herufi moja ni baiti moja, yaani foleni ikijaa gari lina amri za karibu nusu dakika, we umeshaachia zamani lenyewe bado linakula M za kale, na ile "S" yako ya kusimama ikikuta foleni imejaa inatupwa kabisa. Kwa hiyo toa delay zote, na kila ukizunguka kwenye loop (sehemu ya programu ya Uno inayojirudia) soma herufi zote zilizopo mpaka ziishe, ufuate ile ya mwisho tu.

Halafu geuza namna ya kufikiria. Usitume "anza" ukategemea "simama" itafika. Dirisha likumbuke hali ya sasa kwenye kigeu (variable) kimoja, kitufe kibadilishe kigeu tu basi, na root.after (ya Tkinter, ya kupanga kazi ifanyike baada ya muda) iitume kila milisekunde 100 hata kama hali ni S. Kasi ya biti 9600 kwa sekunde inabeba herufi kama 960 kwa sekunde, kumi hazisumbui. Kule kwenye gari kila herufi ikifika andika millis(), yaani saa ya Uno kwa milisekunde, na zikipita milisekunde 400 bila kusikia kitu zima mota. Ni kama akseleta ya boda, mkono ukitoka inarudi yenyewe, haingoji mtu aje kuirudisha. Laptopu ikizima, betri ikiisha, ukitoka nje ya mawimbi, gari linasimama.

Ukiongeza mishale ya kibodi (mimi naipenda kuliko mausi) funga na `<FocusOut>` irudishe S, kwa sababu ukishika mshale halafu dirisha jingine likaruka mbele, ile taarifa ya kuachia haifiki kwako.

Madogo madogo: Windows inaweza kukupa poti mbili za COM kwa HC-05, chagua ya kutoka (Outgoing). Kama umeichomeka pini 0 na 1 za Uno ichomoe kila unapopakia programu. Mguu wa RX wa moduli ni wa volti 3.3, weka rezista mbili za kugawa volti. Na L298N inakula karibu volti 2, kwa hiyo betri nne za tochi kwa mota na Uno pamoja hazitoshi, mota zikianza kwa nguvu volti inashuka, Uno inajiwasha upya na utalaumu programu bure.

Rangi na picha za vitufe weka baadaye. Ukimaliza hayo liweke gari juu ya tofali magurudumu yasiguse chini, shika Mbele, halafu zima Bluetooth ya laptopu ukiwa bado umeshika. Magurudumu yakiendelea kuzunguka usiliteremshe, rudi kwenye zile milisekunde 400.