Kusaidia mateja wanaolala nje na wanyama wao hapa Mombasa: anza na mnyama

Sista umeuliza unataka kujitolea kusaidia hawa ndugu zetu wa unga, yaani heroini, wanaolala nje kule Mwembe Tayari na Marikiti, umeona wengine wana mbwa na paka wao, sasa hujui ushike mtu ama mnyama. Mimi na wenzangu tunaizunguka hii kazi kitambo, usiku, chai na mahamri kwenye ndoo na vichwa vya samaki kwa mfuko, na kwangu mimi anza na mnyama halafu usiwatenganishe kabisa.

Manake ukimwendea mtu moja kwa moja na habari za rehab anakuona kanjo, askari wa kaunti, ama mhubiri, anainuka anaenda zake. Lakini chutama, uliza huyu mbwa anaitwaje, amekula? Hapo utaona mtu anakaa sawa anaanza kuongea. Watu wengi wamemkataa, nyumbani hawamtaki, huyo mbwa ndo pekee anayemfurahia akirudi.

Kuna bro mmoja alikuwa analala vibandani karibu na Marikiti na mbwa wake Chui. Kila mtu alimwambia aende akatibiwe, akikataa wanasema huyu hataki kupona. Siku moja akasema mwenyewe, "Sasa mimi nikienda ndani, Chui namwachia nani? Si watamuua." Yaani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza! Tukatafuta, kijana mmoja wa Bombolulu mwenye uwanja akakubali kukaa na Chui, na bro akaenda. Saa hizi anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga, kliniki ya Kisauni, Chui anamsubiri nje ya geti. Bado kuna siku anateleza, sitakudanganya, lakini asubuhi anaenda.

Na hiyo methadoni uielewe vizuri kabla hujaanza kushauri watu. Kenya ilianza kutolewa mwisho wa 2014, ni dawa ya maji, unakunywa mbele ya nesi kila siku, inatuliza arosto, yale maumivu ya kukosa unga, bila ile stimu yake. Kila siku maana yake kila siku, kwa hivo nauli ya matatu ikikosekana ama mbwa akiugua mtu akabaki naye, dozi imeruka, na arosto ikimshika jioni anarudi maskani. Ndo maana nauli na matibabu ya mbwa kwetu ni hesabu moja. Kwa mambo ya ushauri na kupelekwa kliniki ongea na watu wa mashirika ya MEWA ama Reachout, hao wamefanya hii kazi miaka mingi hapa mjini, usijifanye daktari.

Kuhusu najisi, maana najua swali litakuja. Mimi Muislamu, mate ya mbwa yakinigusa naosha mara saba moja kwa mchanga, basi, naendelea. Wenzetu wasiotaka kugusa wanashika chai na paka, hakuna anayelazimishwa. Ila asije mtu akamfukuza mwenye mbwa kwa jina la dini, ile hadithi ya mtu aliyemchotea mbwa maji kisimani kwa kiatu chake Mungu akamsamehe sote tumeisikia madrasa.

Sasa mambo ya afya, haya yanaua kwa hivo shika. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu halafu kila mwaka. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, usingoje uone, dalili zikishaanza hakuna dawa. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usimpake paka, na Panadol usimpe hata kipande, zote zinamuua. Mbwa mwenye ukurutu watu wanampaka oili chafu ya gari, anairamba anaugua zaidi, mpeleke kwa vet ana dawa yake.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyetuambia mwanzoni ni mtu akizidisha unga na mbwa wake yupo. Unamkuta bro amelala, midomo imegeuka rangi, mboni zimekuwa ndogo sana, anakoroma pumzi za mbali mbali, na mbwa amesimama juu yake anakuonyesha meno. Ndo maana hatuendi mtu mmoja. Mmoja anamvuta mbwa pembeni kwa kamba na samaki, mwingine anamlaza mtu ubavu na kupiga simu, na aliyefunzwa kutumia naloxone, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, anampa. Halafu msiondoke akiamka, ile dawa inaisha nguvu ndani ya saa moja hivi na unga bado uko mwilini, anaweza kuzima tena.

Pesa mkononi usitoe, toa chakula, nauli mpandishe wewe mwenyewe kwa matatu. Picha usipige, hata ya mbwa, bila kuomba ruhusa.

Na wengine mnaosoma, mwenye ploti yenye geti na anaweza kukaa na mbwa wa mtu miezi mitatu minne mwenyewe akiwa ndani anatibiwa, walai ni-inbox leo. Hiyo ndo tunakosa kuliko hata pesa, saa hizi kuna wawili wamekubali kwenda na wamekwama hapo tu.